Huyu Ni wa Nani?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 13:1-9, Mithali 18:13, Ayubu 2:11-13, Ezekieli 18:20, Kutoka 23:1, 2, Mithali 20:10, Kumbukumbu la Torati 21:1-9, Warumi 12:15.

Fungu la Kukariri: Mithali 20:10. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, mpaka uweze kulisema bila kulitazama.

Alhamisi, tarehe 5 Novemba 2009, Meja Nidal Hasan, daktari wa magonjwa ya akili katika jeshi la Marekani, aliingia katika jengo moja la kambi ya Fort Hood, katika jimbo la Texas. Humo askari walikuwa wakikamilisha vipimo vya afya kabla ya kupelekwa vitani. Akawafyatulia risasi askari wenzake. Watu 13 walikufa, na wengine zaidi ya 30 walijeruhiwa.

Huku kwetu habari ilitufikia Ijumaa asubuhi kwa redio. Sabato yake, kabla hatujafungua lesoni, darasa langu lilikuwa likiizungumza. Ndugu mmoja akauliza, “Huyo askari ni dini gani?” Mwingine akajibu kwamba ni Mwislamu. Nami, mwalimu wa darasa, nikasema maneno mawili ambayo mpaka leo sijayasahau: “Tulijua tu.” Wengine wakaitikia kwa vichwa. Tukaomba, tukaanza lesoni.

Kweli ni kwamba hatukujua lolote. Hatukuwajua waliokufa, wala aliyewaua, wala kambi yenyewe. Tulichokuwa nacho ni swali moja, na jibu tulilokuwa tumeliweka tayari kabla swali halijaulizwa.

Juma hili tutajifunza juu ya swali hilo. Damu ya watu wengi inapomwagwa na mtu mmoja, kwa nini jambo la kwanza tunalotaka kujua ni huyu ni wa nani? Na je, Maandiko yanatufundisha kuuliza nini?

JUMAPILI

Kujibu Kabla ya Kusikia

*Soma Mithali 18:13 na Ayubu 2:11-13. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu saa za kwanza baada ya msiba?*

Jioni ile ya mauaji, mkuu wa kambi ya Fort Hood alizungumza na waandishi wa habari. Alisema kwamba aliyefyatua risasi ameuawa, na kwamba watu wengine wanaoshukiwa wamekamatwa. Baada ya saa chache taarifa ilisahihishwa: Hasan alikuwa hai hospitalini, naye alitenda peke yake. Mkuu yule hakuwa mwongo. Alisema kile alichoambiwa katikati ya hofu na vurugu.

Sasa fikiri. Ikiwa mtu aliyekuwa palepale, mwenye mamlaka na wasaidizi, aliweza kukosea katika mambo ya wazi kama hayo, sisi tuliokuwa ng'ambo ya bahari tulipata wapi uhakika wetu? Yeye alikosea kuhusu jambo linaloweza kuthibitishwa, naye akajisahihisha. Sisi tulitoa hukumu juu ya mambo ya moyoni, na hakuna aliyerudi Sabato iliyofuata kusahihisha.

Sulemani anaita upumbavu na aibu tabia ya kujibu kabla ya kusikia. Angalia kwamba hasemi jibu lenyewe lazima liwe baya. Hata jibu ambalo baadaye laonekana kuwa na ukweli ndani yake ni upumbavu kwa mtu aliyelitoa kabla hajasikia, kwa maana hakulipata kwa kutafuta.

Rafiki za Ayubu wanakumbukwa kwa maneno yao mengi yaliyomchukiza Mungu. Lakini walianza vizuri. Walimwona rafiki yao, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno, kwa sababu waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa. Kosa lao lilianza walipotaka kumweleza sababu. Paulo naye, katika Warumi 12:15, anatuagiza kulia pamoja na wanaolia, na hakuweka sharti la kwanza kujua ni kabila gani au dini gani. Kule Marekani kulikuwa na nyumba 13 zenye kilio. Darasa langu halikuziombea hata mara moja.

*Je, unakumbuka siku ulipotoa maoni juu ya msiba kabla hujawaombea wafiwa? Ni nini kilichokufanya uharakishe?*

JUMATATU

Kosa la Mmoja, Mzigo wa Wengi

*Soma Ezekieli 18:20 na Kutoka 23:1, 2. Mungu anaweka mpaka gani kati ya mtenda dhambi na watu wa jamaa yake? Anaonya nini kuhusu kufuata watu wengi?*

Siku ile ile ya mauaji, jumuiya za Waislamu wa Marekani zilitoa matamko ya kuyalaani. Siku tatu baadaye, Jenerali George Casey, mkuu wa majeshi ya nchi kavu, alionya kwenye televisheni kwamba maneno ya kubahatisha yangeweza kuwaletea madhara askari Waislamu waliokuwa wakitumika kwa uaminifu. Baadhi ya watu walimshukuru, na wengine walimlaumu, wakisema anaogopa kusema kweli.

Nilikuwa na jirani Mwislamu, mzee ambaye alishika jembe pamoja nasi siku ya kumzika baba yangu. Jumapili ile alinisalimu kama kawaida. Kisha akasema, “Mwalimu, habari za Marekani umezisikia? Leo sokoni mtu ninayemfahamu ameniuliza kama nimefurahi.” Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba yule muulizaji angeweza kuwa mimi.

Ezekieli anasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba, wala baba hatauchukua uovu wa mwana. Ikiwa Mungu hambebeshi mwana dhambi ya baba aliyemzaa, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumbebesha mzee wa Afrika Mashariki dhambi ya meja wa Texas?

Hata hivyo, tusianguke upande wa pili wa barabara. Hasan mwenyewe, alipojitetea mahakamani mwaka 2013, alikiri kwamba ndiye aliyefyatua risasi, na akasema kwamba alikuwa amehama upande katika vita. Kabla ya mauaji alikuwa ameandikiana barua pepe na Anwar al-Awlaki, mhubiri wa siasa kali, ambaye baadaye alimsifu. Waliojeruhiwa pamoja na familia za waliokufa walihangaika miaka mingi wakidai kwamba tendo lile lisiitwe kwa jina jepesi. Ilikuwa mwaka 2015, baada ya sheria kubadilishwa, ndipo walipopewa nishani ya Purple Heart, ambayo hutolewa kwa askari waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Walikuwa na haki ya kuambiwa kweli.

Kwa hiyo Kutoka 23 inatukataza mambo mawili kwa pamoja: kuvumisha habari za uongo, na kuwafuata wengi katika kupotosha hukumu. Kumsema mtu mmoja kwa ukweli, pamoja na imani iliyomsukuma, si dhambi. Dhambi ni kuuchukua ukweli ule wa mtu mmoja na kuwatwisha maelfu ambao hawakushika bunduki, hawakujua, na ambao wangezuia kama wangejua.

*Unawezaje kusema ukweli wote kuhusu mtenda uovu bila kuwasingizia watu wa dini yake au kabila lake?*

JUMANNE

Vipimo Viwili

*Soma Mithali 20:10. Kwa nini Mungu anachukizwa na mizani hata kabla mtu hajaibiwa?*

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Machi 2012, Sajenti Robert Bales wa jeshi lile lile la Marekani alitoka katika kambi yake wilayani Panjwai, mkoa wa Kandahar, nchini Afghanistan. Aliingia katika nyumba za wanakijiji waliokuwa wamelala, akaua watu 16. Kati yao 9 walikuwa watoto. Baadhi ya miili aliichoma moto.

Habari hii nayo ilifika darasani kwetu. Safari hii mazungumzo yalikuwa tofauti. Tulikuwa tumesikia kwamba askari yule alikwisha kupelekwa Iraki mara tatu, na kwamba hii ilikuwa safari yake ya nne vitani. Wakili wake alieleza juu ya majeraha yake. Majirani zake walishangaa, wakasema walimfahamu kuwa mtu mwema. Nami nikaliambia darasa, “Vita humharibu mtu. Yule alichoka akili.”

Mama mmoja, mwanafunzi wa siku nyingi katika darasa letu, akainua mkono. “Mwalimu,” akasema kwa upole, “huyu mbona hatujauliza ni dini gani?”

Darasa likanyamaza. Nilitaka kumjibu kwamba mambo haya mawili hayafanani, na kwa kweli hayafanani katika kila kitu. Hasan alitaja sababu za imani. Bales, alipokiri makosa yake mahakamani, alisema hakuna sababu njema ulimwenguni kote ya mambo aliyoyatenda. Lakini mama yule hakuwa ameuliza kama mambo hayo yanafanana. Aliuliza kuhusu mizani yangu. Mwaka 2009 sikujua tofauti hizo nilipohukumu, na mwaka 2012 sikuzichunguza nilipohurumia. Aliyefanana na “wao” nilimpima kwa dini yake. Aliyefanana na “sisi” nilimpima kwa majeraha yake.

Huruma kwa Bales haikuwa kosa. Askari aliyevunjika moyo ni mtu wa kuhurumiwa, na kuelewa jinsi mtu alivyofika kwenye uovu si kuuhalalisha uovu. Kosa lilikuwa kuwa na huruma ya mfuko mmoja. Mfanyabiashara wa Mithali huweka mawe mawili mfukoni, moja la kununulia na moja la kuuzia. Kila jiwe peke yake laweza kuonekana halali. Udanganyifu uko katika mkono unaochagua jiwe baada ya kumtazama mteja usoni.

Katika nchi zetu swali hubadilika kidogo tu. Akisikia kwamba mtu ameua, mwenzetu huuliza: Kabila gani? Chama gani? Ametoka wapi? Tukisikia kwamba ni wa kwetu, tunatafuta ugonjwa, shida, au mapepo. Tukisikia kwamba ni wa kwao, tunasema, ndivyo walivyo.

*Chukua habari mbili za mauaji ulizozisikia karibuni. Je, ulitumia jiwe moja kuzipima zote mbili?*

JUMATANO

Wagalilaya na Mgalilaya

*Soma Luka 13:1-5. Watu waliomletea Yesu habari walitarajia aseme nini? Alisema nini badala yake?*

Umati wa upande wa pili nao ulikuwa na mizani yake. Baada ya mauaji ya Kandahar, maandamano ya hasira yalifanyika Afghanistan, na Taliban wakaapa kulipiza kisasi. Wengi, hata Rais Hamid Karzai, walitilia shaka kwamba askari mmoja tu angeweza kufanya yote yale. Kwa wengi wa waliokuwa wakilia, habari za uchovu wa sajenti hazikuwa na maana. Kwao muuaji alikuwa na jina moja: Wamarekani. Wakati Texas swali lilikuwa Waislamu ni watu gani, Kandahar swali lilikuwa Wamarekani ni watu gani. Ni ugonjwa uleule, isipokuwa wagonjwa wanatazamana.

Yesu aliletewa habari ya namna hii. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya wakati wa kutoa dhabihu, damu yao ikachanganyika na damu ya wanyama wao. Kumbuka Yesu alikulia Nazareti. Waliouawa walikuwa watu wa kwao. Waliouawa kwa amri ya mtawala wa kigeni walikuwa na msemaji wa kutosha mbele yao, kama angependa kusema, “Waroma ndivyo walivyo.” Wengine labda walingoja aseme kwamba waliouawa walikuwa na dhambi ya siri.

Hakusema mojawapo. Aliwatetea waliokufa: hawakuwa wenye dhambi kuliko wengine. Kisha akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu huko Yerusalemu, ambao hawakuwa Wagalilaya. Aliiweka misiba miwili pamoja, wa watu wa kaskazini na wa watu wa mji mkuu, akaipima kwa kipimo kimoja. Wala hakumsafisha Pilato. Damu iliyomwagwa ilibaki kuwa damu iliyomwagwa. Ila aliwageuza wasikilizaji wajitazame wenyewe: tubuni.

Wengine huona neno hilo kuwa gumu. Lakini angalia linaambiwa nani. Luka hasemi kwamba Yesu alikuwa akizungumza na mjane au yatima wa waliouawa. Alizungumza na walioleta habari, watu waliokuwa salama, waliosimama kando na kuuliza sababu. Watu wa namna yangu. Maneno “tulijua tu” ni kinyume cha toba, kwa sababu humwacha msemaji akiwa msafi na kuwachafua wote aliowanyoshea kidole.

*Kwa nini ni rahisi zaidi kueleza dhambi ya wengine kuliko kutubu yetu wakati wa msiba?*

ALHAMISI

Hatia na Wajibu

*Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9 na Luka 13:6-9. Wazee wa mji hawakuua. Kwa nini basi wanaitwa?*

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa hatia ni ya mtenda peke yake, je, sisi wengine tukunje mikono? Torati inajibu kwa habari ya ajabu. Maiti imeonekana shambani, na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka na kupima umbali kutoka kwa maiti mpaka miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi wanaleta mtamba, wananawa mikono, wanakiri mbele za Mungu kwamba mikono yao haikumwaga damu hii, na wanaomba msamaha kwa ajili ya watu wao.

Sisi nasi hupima umbali baada ya mauaji, lakini ili tuonyeshe kwamba tuko mbali. Huyo si wetu. Wazee wa Israeli walipima ili wajue nani yuko karibu, na aliye karibu akasogea. Hawakukiri hatia ambayo hawakuwa nayo, wala hawakukimbia wajibu waliokuwa nao. Mambo hayo mawili tusiyachanganye. Hatia ni ya aliyetenda. Wajibu ni wa aliyekuwa karibu.

Mwezi Februari 2011, kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa taarifa yake juu ya Fort Hood. Iliona kwamba mauaji yale yangeweza kuzuiwa. Wenzake Hasan na wakufunzi wake walikuwa wameona na kusikia mambo ya kutisha kutoka kwake. Hata hivyo ripoti zake za kazi zilimsifu, akapandishwa cheo, na akahamishiwa kituo kingine. Kila mmoja alimpitisha kwa mwingine. Kwa hiyo, wakati umma ulikuwa ukiuliza dini yake ina mamilioni wangapi, swali lenye faida lilikuwa dogo zaidi: ni nani aliyeketi naye chumba kimoja, na kwa nini alinyamaza?

Yesu, baada ya kuzungumza juu ya Wagalilaya, alitoa mfano wa mtini usiozaa. Mtunza shamba hakusema kwamba mti si wake. Aliomba mwaka mmoja, aupalilie na kuutilia samadi. Hakuahidi kwamba utazaa. Aliahidi kwamba yeye atachimba.

Makanisani mwetu wapo askari, polisi na walinzi wa usiku. Baadhi yao wameona mambo ambayo hawawezi kuyasimulia mezani. Wapo vijana ambao maneno yao yamebadilika, na sisi tumeona, tukasema, “Atakua.” Kuwa karibu nao ni kazi ya kuchimba. Ni kazi ya polepole, na haina makofi kama ile ya kutoa hukumu baada ya damu kumwagika.

*Ni nani aliye karibu nawe, ambaye umeona dalili zake ukanyamaza? Utamwendea lini?*

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Ijumaa ya tarehe 23 Agosti 2013, mahakama mbili za kijeshi zilikuwa zikifanya kazi yake Marekani. Katika Fort Hood, Hasan alitiwa hatiani. Siku chache baadaye akahukumiwa kufa. Katika kambi ya Lewis-McChord, jimbo la Washington, Bales alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiliwa kwa msamaha. Wanakijiji kutoka Kandahar walikuwa wamesafirishwa kwenda kutoa ushahidi, na baadhi yao hawakuridhika na hukumu ile. Siku moja, jeshi moja, watu wawili, kila mmoja akijibu kwa yale aliyoyatenda yeye.

Hakuna mahakama iliyoketi siku ile kuuhukumu umati: maneno ya sokoni, ya redioni, na ya darasa la Shule ya Sabato. Mathayo 12:36 inatuambia kwamba maneno hayo nayo yana siku yake.

Jirani yangu yule alifariki miaka iliyopita. Nilishika jembe siku ya mazishi yake. Kabla ya hapo, namshukuru Mungu, nilikuwa nimemwendea na kumwambia nilichokisema darasani ile Sabato ya 2009. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Na darasa lako umeliambia?” Sikuwa nimeliambia. Sabato iliyofuata nikaliambia.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, darasa lenu huanzaje linapofika na habari ya mauaji, kwa maombi au kwa maoni? Kubalianeni pamoja jambo mtakalolifanya kwanza.

2. Wengine husema kwamba kukataa kulaumu kundi zima ni kuficha ukweli. Wengine husema kwamba kutaja imani ya muuaji ni chuki. Ezekieli 18 na Kutoka 23 zinasaidiaje kuyajibu yote mawili?

3. Kuelewa jinsi mtu alivyofikia kutenda uovu kunatofautianaje na kumtetea? Toeni mfano kutoka katika Biblia.

4. Maneno yasiyo ya haki yakisemwa mbele ya darasa zima, je, yatosha kuyatubia faraghani? Kwa nini?